Kioo Kwenye Ufa

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu, nyumba zetu za kiwanda pale Nyakato zilianza kuandikwa herufi milangoni. Herufi ilipakwa kwa rangi nyekundu ya mafuta, kubwa kama kichwa cha mtoto, ili mtu aisome akiwa barabarani. A ilikuwa nyumba nzima. B ilikuwa nyumba ya kutengenezwa kwanza. C ilikuwa nyumba ya kubomolewa. Kiwanda kilikuwa kimepata mwekezaji, na mwekezaji alitaka mashine na maghala, hakutaka mambo ya nyumba za watu. Kwa hiyo wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja atauziwa nyumba anayoishi, mradi mkaguzi aseme inafaa. Isiyofaa, wanaoishi humo wanapewa mwezi mmoja wawe wamehama.

Baba alifanya kazi pale tangu sijazaliwa, upande wa kukamua mafuta ya pamba. Nyumba nyingine hatukuwa nayo. Kwetu C ilikuwa na maana moja tu: kupanda kivuko kuvuka ziwa, Sengerema, shamba la babu, na mimi kuacha shule, kwa sababu kijijini kwetu sekondari hakuna na mjini hatuna ndugu wa kunikalisha. Baba aliyasema haya mara moja, tukiwa tunakula, wala hakurudia.

"Ikiwa C tunavuka wote. Siachi mtoto wa kike kwenye nyumba ya mtu."

Mimi sikusema kitu. Huwa sisemi kitu. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, hata lile ninalolijua jibu lake, najikuta natazama dawati mpaka achoke amuulize mwingine. Wenzangu wanadhani naringa. Siringi. Maneno yanafika kooni yanakaa hapo, basi. Ndiyo maana naandika.

Kabla ya siku yetu kufika, kila mtu kwenye mstari wetu alikuwa na elimu yake kuhusu ukaguzi. Mama jirani wa mkono wa kulia, ambaye nyumba yake ilikuwa imeshapata B, alikuja kutufundisha. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mama akiwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani, ambayo siku zile ndiyo ilikuwa nyama yetu.

"Makochi hayaoni yule," akasema. "Mimi nilitandika vitambaa vya kufuma, vipya kabisa, kavipita kama kipofu. Anagonga ukuta, anasikiliza. Utasema daktari na mgonjwa wa kifua."

"Chakula je? Anakula?"

"Nilimpikia sato mzima. Kanywa maji."

"Maji tu?"

"Maji tu, mwenzangu. Hata soda kakataa. Mtu asiyekunywa hata soda utaongea naye nini?"

Mama aligeuza mapanki. Nilijua kilichomsumbua. Kwao mgeni haingii nyumbani akatoka hivi hivi. Asiyekula kwako amekuja na neno baya. Alipoondoka jirani, mama alifungua madirisha yote ili harufu ya samaki itoke, ingawa mkaguzi alikuwa anakuja keshokutwa.

Tatizo letu lilikuwa chumba cha nyuma, tulichokuwa tunalala mimi na bibi, mama yake baba. Ukutani kulikuwa na ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka umepinda mpaka sakafuni, na katikati ulikuwa na upana wa kuingiza ncha ya kalamu. Baba aliutundikia kalenda. Kalenda ikaishia njiani, ufa ukawa unachungulia chini yake. Bibi akatoa kanga yake ya sikukuu, tukaipigilia misumari miwili ikafunika yote.

"Mwanamume mwenye adabu hafunui nguo ya mwanamke mzee," bibi akasema, akajicheka mwenyewe.

Mkaguzi alikuja asubuhi, kipindi ambacho mvua zilikuwa bado zinanyesha. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati la mikono mifupi na suruali ya kaki iliyopauka magotini. Alimwamkia bibi kwanza. "Shikamoo bibi." Bibi akaitika marahaba na kumuuliza habari za huko atokako, naye akajibu zote bila haraka, kisha akatoka nje. Hakuanza ndani hata kidogo. Alizunguka nyumba mara mbili, mara ya kwanza akitazama juu, mara ya pili akitazama chini. Alihesabu misumari iliyolegea kwenye bati. Alichomeka bisibisi kwenye mbao za paa ikaingia mahali pamoja, akaandika. Nyuma ya nyumba alichupa tuta la mchicha la mama, akasimama kwenye tope, akaning'iniza timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima, akakaa anaitazama mpaka ilipoacha kutikisika. Hapo napo akaandika. Baba alikuwa anamfuata hatua moja nyuma, mikono mgongoni, anajitahidi kusoma kitabu alichokuwa anaandikia kwa juu ya bega lake. Mimi nilikuwa nawaona kupitia dirishani.

Ndani alifungua bomba, akalifunga, akasikiliza. Alipanda kwenye dari na tochi, tukamsikia anatembea juu yetu, vumbi likadondoka kwenye makochi ambayo mama alikuwa ameyapiga brashi tangu alfajiri. Alifungua boksi la fyuzi akatikisa kichwa, akacheka kidogo alipoona baba alishafunga waya badala ya fyuzi.

"Hii ungetuchomea nyumba, mzee."

"Ilikuwa ya muda, injinia."

"Ya muda tangu lini?"

Baba akafunga kifuniko cha boksi.

Kisha akatoa gololi mfukoni, gololi ya kawaida ya watoto, ya kijani. Akaiweka katikati ya sebule. Ikatulia. Akaipeleka chumba cha baba na mama. Ikatulia. Akaja nayo chumbani kwetu, akachuchumaa, akaiweka taratibu kama mtu anayeweka yai. Ilikaa. Nikaanza kupumua. Halafu ikaanza kwenda, polepole, bila kusukumwa na mtu, ikapita chini ya kitanda chetu, tukasikia imegonga ukuta. Ukuta ule ule wa kanga.

Mkaguzi alisimama akafuta magoti.

"Samahani bibi," akasema, mkono ukiwa kwenye kanga.

"Fungua tu, mwanangu. Kipira chako kimeshasema."

Aliutazama ule ufa muda mrefu. Baba akawahi, "Ni wa zamani huo. Tuliukuta."

"Inawezekana," akasema. "Ufa wa zamani hauna neno. Ni kovu. Ufa ulio hai, unaoendelea kutembea, huo ndio unaangusha nyumba. Na kwa macho mimi siwezi kujua ni upi."

Alitoa kwenye begi lake kipande cha kioo chembamba, kama vile vioo tunavyowekea vitu chini ya hadubini maabara. Alikoroga unga mweupe na maji kwenye kifuniko cha kopo, ukawa uji mzito. Akakilaza kioo kukatiza ufa, upande mmoja kakigandisha kushoto, mwingine kulia, akapuliza mpaka kikakauka. Akaandika tarehe pembeni kwa penseli.

"Kioo hakinyumbuki," akatueleza. "Ukuta ukisogea unene wa unywele, kinapasuka. Nitarudi baada ya wiki tatu. Mpaka hapo mlango wenu siuandiki kitu. Nani analala humu?"

"Bibi na huyu," mama akanionyesha kwa kidevu. "Huyu yuko kidato cha tatu."

Mkaguzi akanigeukia. Nilitazama sakafu.

"Basi wewe ndiye mlinzi wangu. Chukua daftari. Kila asubuhi na kila jioni, kitazame, andika kama ni kizima au kimepasuka. Andika na mvua. Usikiguse, na asikiguse mtu. Sawa?"

Niliinamisha kichwa.

"Amekubali?" akamuuliza mama.

"Amekubali huyo. Ndivyo anavyoongea."

Wakacheka wote isipokuwa mimi na baba.

Nilichukua daftari la mazoezi la kurasa arobaini na nane, nikapiga mistari kwa rula: siku, saa, kioo, mvua. Niseme kweli, niliipenda ile kazi. Haikuwa na kusimama mbele ya watu. Asubuhi kabla ya kupiga mswaki nilikuwa nishakisogelea kioo mpaka pua inakaribia kukigusa. Kizima. Jioni, kizima. Bibi alikuwa ananiuliza kutoka kitandani, "Mayu, kimeamkaje?" kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo anavyoniita tangu mdogo. Nilikuwa namjibu, kwa sababu bibi ni mtu ninayeweza kuongea naye.

Wiki ya kwanza ilipita. Kwenye wiki ya pili nyumba inayotazamana na yetu ikaandikwa C. Walikuwa na watoto sita. Baba wa nyumba ile hakugombana na mtu. Alipakia vitu kwenye mkokoteni kuelekea Mabatini, ambako alikuwa amepata chumba kimoja cha kupanga, na mwisho kabisa akang'oa mlango kwenye bawaba zake, akauweka juu ya magodoro. "Mlango ni wangu, niliununua mwenyewe," akasema. Mkokoteni ukaondoka na ile C nyekundu imetazama juu. Mama alisimama barazani mpaka ulipokata kona. Baba alikuwa ndani, lakini niliona pazia likitikisika.

Siku ile baba alikuja chumbani kwetu mara tatu kukitazama kioo.

Mvua zikakatika. Zilikatika ghafla, kama kawaida yake huku kwetu, jua likaanza kukausha njia. Nikafurahi. Nilidhani kama hakikupasuka kwenye mvua, basi tumeshapona.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya nne bila mvua. Nilikuwa kitandani na kitabu cha jiografia, bibi yuko nje anachambua mchele. Nikasikia *ta!* Sauti ndogo tu, kama punje ya bisi kwenye sufuria. Nilijua kabla sijageuka. Ule mstari ulipita katikati ya kioo, umenyooka, kama umechorwa kwa rula yangu.

Nilikaa pale nikikitazama. Nikatamani nisiwe nimesikia. Kisha nikachukua daftari, nikaandika kwa kalamu ya wino: *Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Kimepasuka. Hakuna mvua.* Sijui kwa nini niliandika kabla ya kumwambia mtu. Labda ningesubiri dakika mbili nisingeandika kabisa.

Baba aliporudi kutoka kiwandani nilimshika mkono wa shati nikamwongoza. Alipokiona aliketi kwenye kitanda chetu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Umemwambia nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama yako?"

Nikatikisa tena.

"Umeandika?"

"Ndiyo."

"Kwa penseli?"

"Kwa wino, baba."

Alifuta uso wake kwa kiganja. "Ng'oa huo ukurasa. Hujaona kitu. Akija akikuuliza, unajua kunyamaza kuliko mtu yeyote kwenye nyumba hii. Nyamaza."

Akaondoka. Mimi nikabaki na daftari. Ningeweza kusema hapa kwamba nilikataa kwa sababu napenda ukweli, lakini sivyo ilivyokuwa. Niliogopa. Niliogopa Sengerema na niliogopa ukuta, na sikujua nini naogopa zaidi. Bibi ndiye aliyekuwa analala upande wa ukuta. Sikung'oa ukurasa. Chini ya ule mstari niliandika: *Baba amesema nisiandike. Nimeshaandika.* Halafu nikaliingiza daftari chini ya godoro.

Siku ile nilimwomba bibi tubadilishane upande wa kulala.

"Kwa nini?"

"Joto."

"Joto gani na upepo wote huu wa ziwa?" Akaniangalia sana. Lakini alisogea.

Siku zilizobaki nilikuwa siandiki kitu. Kila nikiingia chumbani nilikuwa naukwepa ukuta kwa macho, kama unavyomkwepa mtu uliyemkosea. Darasani nilipata alama mbovu kwenye jaribio la hesabu, nikaambiwa nimeanza kuwa mvivu.

Jumatano, siku moja kabla ya mkaguzi kurudi, nilitoka shule nikakuta nyumba inanuka chokaa mbichi. Mama alikuwa ameamka na shughuli. Alikoroga chokaa kwenye ndoo, akatia chumvi ili ishike, na kwa brashi ya katani akapaka sebule, akapaka chumba chao, akapaka korido. Uso wake ulikuwa na madoa meupe. Nilikimbilia chumba cha nyuma. Ukuta wote ulikuwa mweupe. Pale kwenye kioo palikuwa na kivimbe tu, kimefunikwa kama kidonda kilichofungwa bandeji.

"Mama! Kioo!"

"Kimefanya nini?"

"Umekipaka!"

"Sasa nikiache kichafu katikati ya ukuta mweupe?" Alikuwa anashangaa kweli. "Mgeni anarudi kesho. Mara ya kwanza alitukuta na kuta zenye moshi, mimi nikaona haya. Hata vumbi nililifuta kwanza ndipo nikapaka. Hakikutikisika hata kidogo."

Hakujua. Baba hakuwa amemwambia. Kwa mama mgeni anaandaliwa nyumba. Hakuna ukaguzi wala uinjinia unaoweza kuondoa hilo. Alikuwa na furaha, mgongo unamuuma na ana furaha.

Baba akaja. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu akakitazama kile kivimbe.

"Umefanya kazi nzuri, mama watoto," akasema.

Baba hasifu kazi. Akanitupia jicho mara moja, akaenda kuoga.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne asubuhi. Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu baba alisema nikitoka mkaguzi atauliza mlinzi wake yuko wapi. Alikuja na kijana anayebeba ngazi na kopo la rangi, akamwacha barazani. Alimwamkia bibi, akakataa chai, akaja moja kwa moja chumbani. Tukaingia wote nyuma yake: baba, mama, bibi na fimbo yake, na mimi.

Alisimama mbele ya ukuta. Alipitisha kidole juu ya kile kivimbe, chokaa ikabaki kidoleni.

"Nani amepaka hapa?"

"Mimi," mama akasema, bado anatabasamu. "Karibu tena. Nimepaka nyumba yote."

"Nilisema kisiguswe."

Tabasamu la mama likaondoka polepole. "Sikukigusa. Nilikipaka tu."

"Kioo ni kizima, injinia," baba akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Mama ni usafi tu umemzidi. Ungekiona juzi, kizima kabisa."

Mkaguzi alimgeukia, akamtazama, akafungua kitabu chake. "Mzee, sikiliza. Nimekagua nyumba tisini hapa. Kalenda nimekutana nazo, makabati yaliyosogezwa, hata mtu kalaza mgonjwa mbele ya ufa. Mimi sibishani na mtu. Kioo kinachosomeka, nakisoma. Kisichosomeka, naandika kibaya zaidi ya vyote. Ndivyo nilivyoagizwa, kwa sababu siku ukuta ukimwangukia mtu, nitakayeulizwa ni mimi."

"Kibaya zaidi maana yake nini?" mama akauliza.

Akaita nje, "Lete kopo."

Yule kijana akaingia na kopo la rangi nyekundu, brashi imelazwa juu ya mfuniko. Mama akashika kifua. "Si nikwangue? Nakwangua sasa hivi, nipe dakika moja!"

"Ukikwangua wewe kitapasuka mkononi mwako, na mimi sitajua kilipasuka lini."

Baba alikuwa ameganda. Ndipo mkaguzi akanikumbuka.

"Binti. Daftari liko wapi?"

Wote wakanigeukia. Nilitazama sakafu, nikatazama viatu vyake, vilikuwa na tope kavu. Baba akasema, "Huyo ni mtoto, hana analojua. Aliacha kuandika." Na kweli niliacha.

"Namuuliza yeye."

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaufunga. Kijana alikuwa ameshaanza kufungua mfuniko wa kopo kwa bisibisi, harufu ya rangi ikajaa chumba. Bibi akanigusa mguu kwa ncha ya fimbo.

"Mayu," akasema, "mimi ndiye nilikuwa nalala ukutani pale. Joto gani ulilosikia wewe?"

Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya godoro, nikatoa daftari, nikampa.

Mkaguzi alisoma akiwa amesimama. Alianza mwanzo, kila mstari, kizima, kizima, mvua, mvua kubwa, kizima. Alipofika Jumamosi alisimama. Nikamwona macho yake yanashuka mstari mmoja zaidi. Akasoma pale. Akasoma tena. Halafu akalifunga daftari, akamtazama baba muda wa kuvuta pumzi moja.

"Ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Saa tisa na robo. Una hakika hakukuwa na mvua?"

"Siku ya nne," nikasema. "Ilikuwa siku ya nne bila mvua."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mgeni.

Alitoa kisu kidogo akakwangua chokaa mwenyewe, taratibu, kutoka pembeni. Mstari ukaonekana. Mama akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo, akamtazama baba, akanitazama mimi, akaelewa kwamba sisi wawili tulijua. Mkaguzi akapima kwa rula ya chuma. Upande wa kulia wa kioo ulikuwa umeshuka kidogo kuliko wa kushoto.

"Unashuka," akasema. "Haupanuki, unashuka. Na unashuka wakati wa kiangazi. Hiyo mbona siielewi."

Akatoka nje kwa haraka. Tukamfuata. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama kwenye tuta la mchicha. Barabara yote ilikuwa imekauka, vumbi linapeperuka, lakini pale chini ya ukuta udongo ulikuwa mweusi unang'aa.

"Hapa pana maji ya nani?"

"Ya kwangu," mama akasema. "Ya kuoshea vyombo na ya kufulia. Namwagilia mboga."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Mvua zikikatika naongeza."

Aliomba jembe. Alichimba mwenyewe, mchicha ukaruka huku na huku, mpaka akafika kwenye jiwe la msingi. Alitia mkono chini ya jiwe. Mkono uliingia mpaka kiwiko. Upande ule wa pili, akatueleza, nyumba imekaa juu ya mwamba, haiendi popote. Upande huu imekaa juu ya udongo uliojazwa, na udongo umelowa umekuwa uji. Tangu lini tuta lipo hapa? Mama akafikiri. Tangu mishahara ilipoanza kuchelewa, akasema. Mstari mzima walianza pamoja, kila mmoja nyuma ya nyumba yake, ukutani, ili mbuzi wasifike na maji yasibebwe mbali.

Mkaguzi aliinua kichwa akatazama nyuma za nyumba, moja baada ya nyingine. Matuta ya mchicha na majani ya maboga, mabichi, yameegemea kuta zote. Kupitia uchochoro kati ya nyumba alitazama pia ng'ambo ya barabara, kwenye ile nyumba isiyo na mlango aliyoiandika C. Alitazama hapo muda mrefu kidogo. Akaandika kitu, akakikata, akaandika kingine.

"Chumba hiki asilale mtu kuanzia leo," akasema mwisho. "Tuta litoke. Mchimbe mtaro wa kupeleka maji mbali, upite upande ule wa chini. Pembe hii ibomolewe ijengwe upya kutoka kwenye msingi, na nitakuja kuiona. Miezi mitatu."

"Kwa hiyo ni..." mama akashindwa kumalizia.

Alikwenda mlango wa mbele. Akachukua brashi kwa kijana, akachora mwenyewe. Tulisimama nyuma yake tukitazama mgongo wake. Kwanza mstari wa kusimama. Mstari wa kusimama tu, na mimi nikajua, kwa sababu C haina mstari wa kusimama. Mama alikaa chini barazani, hapo hapo kwenye saruji, akafunika uso kwa kitenge.

Mkaguzi alinirudishia daftari bila neno, akaenda nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Baba alinyoosha mkono. "Lete."

Nikampa. Alisoma amesimama mlangoni kando ya rangi mbichi. Alipofika pale nilijua amefika, kwa sababu midomo iliacha kusogea.

"Alisoma na hapa?"

"Ndiyo, baba."

"Akasema nini?"

"Hakusema."

Nilisubiri kofi. Sisemi baba ni mtu wa kupiga, lakini nilisubiri. Alilikunja daftari, akaliweka mfuko wa nyuma wa suruali, akavua kofia, akaondoka kumfuata mkaguzi. Mama akafunua uso. "Anakwenda wapi? Baba watoto! Si ameshaandika? Mwache aende!" Hakugeuka.

Niliwaona kwa mbali mbele ya ile nyumba ya tatu. Baba alikuwa anaongea, kofia mkononi, mkaguzi anasikiliza na timazi imening'inia kwenye vidole. Sikusikia hata neno moja. Wakati mmoja mkaguzi aligeuza kichwa akatazama mlango wetu, na yule kijana mwenye kopo akageuka pia. Mama alinishika mkono akaubana. Bibi alikuwa ameegemea fimbo, anahema. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ingefutika kwa kitambaa.

Kisha baba akarudi. Alirudi peke yake, anatembea kama kawaida yake. Alitupita barazani, hakutuambia walichosema, na mpaka leo hajatuambia. Alizunguka nyuma tukasikia jembe. Nilikwenda nikasimama kwenye kona. Alikuwa ameshang'oa nusu ya tuta, anairusha miche pembeni, shati limelowa mgongoni. Alinitazama, akachomoa mfukoni kamba ya kunyooshea mtaro pamoja na lile daftari langu, daftari akaliweka juu ya tofali kavu, kamba akanirushia ncha moja.

"Shika hapo," akasema. "Ivute inyooke. Wewe una jicho."

Nikavuta.